Anagusa kiwiko akiambiwa, lakini hugonga kila mlango: utambuzi wa mwili hupimwaje?

Swali

Mtaalamu, nafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Nina mwanafunzi wa kiume wa miaka 8, ana usonji na ulemavu wa akili wa kiasi, na huongea sentensi fupi fupi. Fomu yetu ya tathmini ina kipengele kinachoitwa "utambuzi wa mwili". Nilimtajia viungo 12, akavigusa vyote bila kukosea, nami nikaandika "vizuri sana". Mama yake alipoisoma fomu alishangaa. Akaniambia nyumbani mtoto huvaa fulana mbele nyuma, hujigonga kwenye fremu ya mlango kila siku, na humkumbatia mdogo wake kwa nguvu mpaka analia. Hata mimi darasani naona anakalia ukingo wa kiti na kuanguka. Nani kati yetu yuko sahihi? Nimpimeje? Na je, kuna mtihani maalumu wa jambo hili?

Jibu

Nyote wawili mko sahihi, Mwalimu. Wewe ulipima kama mtoto anajua majina ya viungo. Mama anaishi na mtoto ambaye mwili wake haumpi taarifa za kutosha anapovaa, anapopita mlangoni na anapomkumbatia mwenzake. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja kila mara, ila fomu nyingi za shule zimeyatia kwenye kipengele kimoja kana kwamba ni kitu kimoja. Lawama naipeleka kwa fomu.

Majina ya viungo ni maarifa. Mtoto huyashika kama anavyoshika rangi na siku za wiki, mara nyingi kwa wimbo, na mwenye usonji aliye na kumbukumbu nzuri anaweza kuyamudu yote bila mwili wake kuhusika sana. Kuna kitu kingine ambacho hakina maneno. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Uingereza, Henry Head na Gordon Holmes, waliandika habari za wagonjwa walioumia ubongo ambao, wakifumba macho, hawakuweza kusema mkono wao uko wapi. Wakapendekeza kwamba ubongo hutunza kielelezo cha mkao wa mwili, na kwamba kielelezo hicho hubadilika kila tunapojongea. Kinalishwa na taarifa kutoka kwenye misuli, kano na maungo, kutoka kwenye ngozi, na kutoka sikio la ndani linaloshughulikia mizani ya mwili. Ndicho kinachokuwezesha kujikuna mgongoni gizani. Mtoto anaweza kuwa nacho kizima bila kujua jina hata moja la kiungo, na mwingine akajua majina yote huku kielelezo chenyewe kikiwa na ukungu.

Zipo pia taarifa za ndani kabisa, kama njaa, kibofu kujaa na maumivu. Hizo wengine huziingiza humu na wengine huziweka kando. Mimi huuliza tu nyumbani kama mtoto husema au huonyesha anapobanwa na haja kabla hajachelewa, na kama hulia anapoumia. Majibu hayo yanatosha kuniambia kama nifuatilie au la.

Sasa hilo la mtihani maalumu. Vipimo vipo, ila hakuna kinachojibu swali lako moja kwa moja. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi (tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) wa Marekani aliyeanzisha nadharia ya uunganishaji wa hisi, yaani namna ubongo unavyounganisha taarifa za hisi mbalimbali, aliacha seti ya majaribio iliyochapishwa mwaka 1989. Ndani yake kuna kutambua kidole kilichoguswa, kurudisha mkono mahali ulipopelekwa bila kuona, na kuiga mikao. Ni kazi nzuri, nami naazima mawazo yake kila wiki. Lakini iliandaliwa kwa watoto wa miaka 4 hadi karibu 9, viwango vyake vilitokana na watoto wa Amerika Kaskazini, na anayepima lazima awe amefunzwa. Kipimo kingine maarufu ni Movement ABC, ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 3 hadi 16. Hicho hupima ustadi wa mwendo: kurusha, kudaka, mizani, kazi za mikono. Mtoto akipata alama ndogo humo hujui kama mwili haujitambui, misuli ni dhaifu, au hakuelewa alichoambiwa. Zipo hojaji za hisi, mojawapo Sensory Profile ya Winnie Dunn ya mwaka 1999, ambazo mzazi au mlezi huzijaza. Zinaonyesha siku ya mtoto inavyokwenda, ila zinapita kwenye macho ya mtu mwingine. Iliyo karibu zaidi na hoja yako ni orodha ya uangalizi iliyochapishwa mwaka 2012 na Erna Blanche na wenzake, inayomtaka mtaalamu amtazame mtoto akicheza na kuangalia ulegevu wa misuli, namna maungo yanavyojishikilia, kama huegemea watu, hutembea kwa vidole, hujirusha ukutani na kadhalika.

Kuna utata mwingine kwa mwanafunzi wako. Ukimlinganisha na wenzake wa miaka 8 utapata alama ya chini isiyokwambia ufundishe nini Jumatatu. Kushoto na kulia ni mfano mzuri. Watoto wengi wasio na ulemavu huanza kuwa na uhakika wa mkono wao wa kulia wakifika miaka 6 au 7, na wa mtu aliyesimama mbele yao huchelewa zaidi. Kama uelewa wa mwanafunzi wako kwa ujumla uko kwenye miaka 4, kukosea kulia na kushoto hakusemi chochote kuhusu mwili wake. Kipengele hicho kiondoe tu.

Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: usipime jambo kwa njia moja. Mpe kazi ileile kwa njia mbili, kisha uandike tofauti uliyoiona. Mara kwa maneno, mara kwa kuonyeshwa. Mara akiwa anaona, mara asipoona. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Akishindwa kote, pengine kazi hiyo bado haielewi, na hujapima mwili. Akiweza upande mmoja na kushindwa mwingine, hapo umepata kitu.

Kabla ya lolote, hakikisha macho na masikio yamepimwa. Naona fomu ndefu ndefu za hisi zikijazwa kwa mtoto ambaye hajawahi kukaa mbele ya daktari wa macho. Huyu anayegonga milango, mwombe mama aandike kwa wiki moja ni bega gani linalogonga. Likiwa lilelile kila mara, fikiria kwanza kwamba kuna upande haoni vizuri au upande wa mwili ulio dhaifu, na umpeleke hospitali kabla ya kuendelea na vipimo vya darasani. Yakiwa mabega yote na hutokea anapokimbia tu, suala huenda likawa ni mwendokasi na umakini. Yakiwa yote na hata akitembea polepole, endelea kusoma.

Rudi kwanza kwenye kile kipimo chako cha viungo 12, kwa sababu hata chenyewe huenda kilimpa mtoto zaidi ya anachokijua. Jirekodi kwa simu ukikifanya. Walimu wengi, wakisema "goti", macho yao huteremka kwenye goti la mtoto nusu sekunde kabla ya mtoto kuligusa, na watoto hawa ni hodari wa kusoma macho ya mwalimu, hata wale tunaoambiwa hawaangalii watu. Mtazame kwenye paji la uso unapotaja. Badilisha mpangilio, maana ukifuata ule wa wimbo anaweza kuwa anaimba tu. Ongeza viungo asivyoviona kwa macho yake: kisogo, kisigino, sehemu ya nyuma ya goti. Halafu fanya kwa njia ya pili: bila kusema neno, bandika kipande cha karatasi chenye gundi kwenye kiwiko chako mwenyewe, mpe yeye kipande chake, na usubiri akiweke mahali hapohapo mwilini mwake. Usitarajie makubwa kupita kiasi. Watoto wa miaka miwili na nusu wasio na ulemavu wowote hukosea sana katika zoezi hili, ingawa majina kadhaa wanayajua.

Kisha mwangalie akivaa. Fulana haihitaji kifaa chochote na inaonyesha mengi kuliko majaribio ya mezani. Mpe fulana pana isiyo na vifungo na ukae kimya. Kuivaa mbele nyuma si lazima kuwe tatizo la mwili; inawezekana hajui alama ya kutofautisha mbele na nyuma ya nguo. Kwa hiyo mara ya pili itandaze mwenyewe ikiwa imekaa sawa, kisha mwambie avae. Akiivaa vizuri, anachohitaji ni kufundishwa alama ya nguo, basi. Lakini tazama kwa makini ile sekunde fulana inapofunika uso. Mtoto mwenye kielelezo imara cha mwili huendelea. Mikono inatafuta mapito yake gizani mle bila kusita. Anayetegemea macho husimama ghafla. Mikono inaelea, mmoja unatokea kwenye tundu la shingo, au anaivuta fulana kuirudisha chini ili aone tena, ndipo aanze upya. Ukiliona hilo mara kadhaa kwa siku tofauti, umeshapata jibu la nusu ya swali la mama.

Kiti nacho kina jambo lake. Sisi wengine tunarudi nyuma mpaka tunahisi ukingo wa kiti nyuma ya miguu, ndipo tunakaa. Mwangalie mwanafunzi wako: anageuka kukitazama kiti? Anakipapasa kwa mkono? Au anakaa tu palipo hewa akitumaini kiti kipo? Yule anayegeuka kutazama anajua kwamba taarifa za mwili hazimtoshi na amejitafutia njia nyingine, usimkataze. Anayekaa hewani hajafika hapo, na cha kumfundisha kwanza ni kukigusa kiti.

Kwa milango, tumia uzi. Ufunge kati ya viti viwili bila kuukaza, ili akiugusa uanguke usije ukamwangusha yeye. Uweke kwanza chini kidogo ya goti lake auvuke, halafu usawa wa kifua apite chini yake. Usiseme zaidi ya "pita". Kaa pembeni na uangalie mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unaongozwa na macho, maana anauona ukivuka. Wa nyuma hauoni. Unaongozwa na kumbukumbu ya uzi ulipokuwa na hisi ya kwamba goti limekunjwa kiasi gani. Mtoto ambaye mguu wa mbele unapita salama na wa nyuma unaburuta uzi karibu kila mara amekupa jibu ambalo usingelipata kwa kumuuliza. Anapopita chini, angalia ni nini kinachogusa uzi. Kikiwa kichwa, hakuinama mapema. Ukiwa mgongo, aliinama vizuri ila alisimama wima mara kichwa kilipovuka, kana kwamba mwili ulikuwa umeisha hapo. Wapo pia wanaolala na kutambaa chini ya uzi ulio kifuani. Hao hawagusi kitu, na mpimaji mwenye haraka huwapa alama zote, wakati huenda wanajiachia nafasi kubwa hivyo kwa sababu hawana hakika mwili wao unaishia wapi.

Vidole hupimwa mezani. Chukua boksi la karatasi ngumu, toboa tundu upande wa mtoto aingize mkono, na upande wako uuache wazi. Juu ya boksi laza mchoro wa mkono. Anza boksi likiwa limeondolewa: unagusa kidole chake kwa ncha butu ya penseli, naye anaonyesha kidole hichohicho kwenye mchoro. Asipoweza hapo, ambapo anaona kila kitu, acha, hakuelewa zoezi. Akiweza, funika mkono na urudie. Tanguliza kidole gumba na kidole kidogo, ambavyo ni rahisi. Cha kati na cha pete huwachanganya hata watoto wasio na ulemavu wa miaka 5, kwa hiyo makosa kati ya viwili hivyo usiyahesabu sana. Mkono wa pili nao upime vilevile. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ulioathiri upande mmoja, tofauti kati ya mikono miwili inaweza kuwa kubwa, na hueleza kwa nini mkono fulani hautumiki ingawa una nguvu za kutosha: mwenyewe hauhisi vizuri.

Kuiga ndiko nakokutaka ukae zaidi kwa mtoto huyu, kwa sababu ana usonji. Mikao isiyo na maana ndiyo inayofaa, kama mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine nyuma ya mgongo. Kupunga mkono wa kwaheri au kujifanya unapiga mswaki ni mazoea, hakupimi sana. Wafaransa Bergès na Lézine walitengeneza jaribio la aina hii mwaka 1963 kwa mikao ya mikono na vidole, na wazo lao bado linatumika. Akikuiga kama kioo, mkono wake wa kushoto kwa wa kwako wa kulia, hesabu ni sahihi. Baadhi ya watoto wenye usonji wakiiga kupunga mkono huelekeza kiganja kwenye uso wao wenyewe. Wanarudia walichokiona, yaani kiganja kinachowatazama, badala ya kukihamisha kutoka mwili wako kwenda mwili wao.

Hapo ndipo ile njia ya pili inapofaa. Mkao uleule alioshindwa kuuiga, usimwonyeshe tena. Msimamie nyuma, akikuruhusu, na uiweke mikono yake mwenyewe katika mkao huo. Hesabu hadi tatu, ishushe, kisha mwambie "tena". Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwafundisha watoto kuongoza mkono wa mashine, wakaona kwamba wenye usonji walitegemea zaidi hisi za maungo yao, na macho kidogo, kuliko wenzao wasio na usonji. Kwa hiyo usianze na dhana kwamba kila mwenye usonji "hahisi mwili wake". Kwa baadhi yao hisi ipo tena ni imara. Kinacholegalega ni daraja kati ya kinachoonekana kwa mwingine na kinachohisiwa ndani yao. Mwanafunzi wako akishindwa akionyeshwa na akaweza akiwekwa, basi hata ufundishaji wako unabadilika: maonyesho ya mbele ya darasa yatamsaidia kidogo, kushikwa mkono mara mbili tatu kutamsaidia sana. Akishindwa kote kuwili, na akasita ndani ya fulana, na mguu wa nyuma ukaburuta uzi, hapo ushahidi unaelekea kwenye hisi ya mwili yenyewe.

Na kule kumkumbatia mdogo wake. Kukadiria nguvu ya kutumia ni sehemu ya utambuzi wa mwili ambayo fomu karibu zote zimeisahau. Tafuta chupa mbili zinazofanana zisizoonyesha ndani, moja ijae maji na nyingine iwe tupu. Amwinulie mwalimu ile iliyojaa, kisha tupu. Tupu ataipaisha juu. Kila mtu huipaisha, kwa sababu macho yamedanganywa. Muhimu ni mara ya pili na ya tatu akiinua tupu ileile. Je, mkono unajirekebisha, au chupa inaendelea kuruka? Tazama pia daftari lake: penseli ikitoboa karatasi na ncha kuvunjika kila mara, ni habari ileile. Halafu mfundishe "polepole" kwa kumkandamiza mkono kidogo na "kwa nguvu" kwa kumkandamiza zaidi, uone kama anaweza kukurudishia yote mawili. Akiweza, kumbatio lile si kwa sababu hajui kiasi. Huenda anapenda kubanwa, na utulivu anaoupata humo ni wake, si wa mdogo wake. Mpe njia nyingine ya kubanwa. Asipoweza, hajui kwamba anaumiza, na kumgombeza hakumfundishi chochote.

Huenda una wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa zaidi, wasiofuata maagizo kabisa. Hao nao hupimika. Mketishe mtoto juu ya mkeka mdogo na umwombe kwa ishara akupe huo mkeka. Anautoka kwanza, au anauvuta huku ameukalia? Watoto wasio na ulemavu huanza kulielewa hilo kadiri wanavyokaribia na kuvuka umri wa miaka miwili. Au bandika kile kipande cha karatasi nyuma ya bega lake, juu ya ngozi, na usubiri. Mkono ukienda moja kwa moja mahali penyewe, una habari njema bila neno lolote. Kioo wengi hukitumia, na ni kweli kwamba watoto wengi huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, ila kioo kinakuambia kama anaujua uso wake. Kuhusu mlango na kiti hakikuambii kitu.

Uchoraji wa mtu siupendi kwa kazi hii, na nasema hivyo nikijua unapendwa. Ulianzishwa kama kipimo cha akili na Florence Goodenough mwaka 1926. Mtoto akichora mtu asiye na mikono, sababu zinaweza kuwa kumi: hajui kushika penseli, hajazoea kuchora, amechoka, au haoni umuhimu wa mikono siku hiyo. Weka mchoro kwenye jalada kama kumbukumbu, lakini usiutolee hukumu.

Sasa tahadhari, na hizi usiziruke. Usimfunge mtoto kitambaa machoni. Tumia boksi, fulana, au mwambie afumbe mwenyewe, na akikataa mpe kazi nyingine. Mwombe ruhusa kabla ya kumgusa hata kama haongei, na uhakikishe kuna mtu mzima mwingine chumbani. Sehemu za siri zinatajwa kwa majina yake sahihi katika mafunzo, kwa sababu watoto wenye ulemavu wako katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa na wanahitaji maneno ya kusema. Lakini hazimo katika upimaji wa kugusa kamwe. Mtoto mwenye sindromu ya Down asipimwe kwa kupinduka wala kwa chochote kinachoikunja shingo kwa nguvu mpaka daktari aseme ni salama, maana baadhi yao wana ulegevu kwenye pingili za juu za shingo. Akianza kulalamikia shingo, kutembea tofauti, kudhoofika mikono au kujikojolea ilhali alikuwa ameacha, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto yeyote aliyekuwa anaweza jambo kisha akapoteza uwezo huo si wa kupimwa darasani tena. Aonwe na daktari.

Pima kwa dakika 10 au 15, simamisha akichoka, rudia siku nyingine saa nyingine. Akikataa zoezi andika "amekataa", usiandike "ameshindwa". Badala ya alama, andika msaada aliouhitaji: ameweza mwenyewe, ameweza alipoonyeshwa, ameweza alipoguswa, ameweza alipoongozwa mkono. Baada ya miezi mitatu, kuhama kutoka kuongozwa mkono hadi kuguswa ni maendeleo ya kweli, ingawa kwenye fomu ya "ameweza/hajaweza" yangeonekana kama sifuri.

Kwa fomu yako, futa "vizuri sana" na uandike kitu cha namna hii, ukirekebisha kulingana na utakachokiona: "Anajua majina ya viungo 12. Anapopoteza kuona, kwa mfano fulana ikiwa usoni, mikono husita. Anavuka uzi kwa mguu wa mbele bila kuugusa. Wa nyuma huugusa mara nyingi. Haigi mikao mipya akionyeshwa, huirudia akiwekwa. Harekebishi nguvu ya mkono bila kusaidiwa." Mama akisoma maneno hayo atamtambua mwanawe, na mwalimu atakayempokea mwakani atajua pa kuanzia. Nakala mpe mtaalamu wa tiba kazi akipatikana, hasa ukiona tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto.

Muhula ujao rudia mambo yaleyale: fulana yenye upana uleule, uzi kwa kimo kilekile ukipima kutoka kwenye goti lake, kwa sababu atakuwa amerefuka. Watoto wanapokua kwa kasi hujigonga zaidi kwa muda, wenye ulemavu na wasio nao, kwa hiyo pima urefu wake siku hiyo na uuandike pembeni ya matokeo.